Njiti ya pili

Kijana wa kaunta alikua ametupa mgongo anafuta glasi, akauliza huku hatutazami, mmekula nini?

Hakuleta karatasi, hakuangalia sahani. Kauliza tu, na mi ndo wa kumwambia. Nikahesabu kwa vidole, vipande viwili vya tortilla, mkate mmoja wa bakalao, ngisi sahani moja, gilda moja, mosto mbili. Akagonga mashine, nikalipa, tukaaga kwa lile neno la Kibaski tulilokua tunalifanyia mazoezi tangu uwanja wa ndege, eskerrik asko, akacheka akatujibu, tukatoka pale Plaza Nueva, Bilbao, kwenye rasharasha.

Usiku karibu saa sita, mamdogo kakaa kitandani anapekua mkoba anatafuta dawa zake za sukari, akatoa tishu imekunjwa vizuri. Akaifungua. Ndani njiti mbili.

"We ulimwambia gilda ngapi?"

Moja.

Hiyo ilikua Ijumaa ya mwezi wa 11 na leo ni wiki ya saba sijaacha kuifikiria, ndo maana naandika. Nilitaka kuandika makala ya kawaida tu, wapi ule, wapi ulale ukienda Bilbao na Donostia, kaskazini mwa Hispania, siku tatu, hasa kama huli nguruwe wala hunywi, maana nilipotafuta kwa Kiswahili kabla ya safari sikupata kitu. Ntayasema hayo pia. Lakini kila nikianza, kile kinjiti kinakuja mbele.

Wanavyohesabu

Gilda ni kitu kidogo sana. Njiti moja, imechomekwa zeituni ya kijani, pilipili ndefu za siki ambazo haziwashi sana, na samaki mdogo wa chumvi wanaemwita antxoa (hiyo tx isome ch, na pintxo, jina la hivi vitafunio vyao vya baa, pia ni hivohivo). Unaitia mdomoni yote kwa pamoja, chumvi, siki na mafuta vinakutana, imeisha. Mamdogo alipoionja alifumba macho. Akasema hii ingekaa vizuri pembeni ya wali wa nazi. Akaagiza ya pili mwenyewe, kwa kidole, mi nikiwa chooni. Ndo maana sikuijua.

Na njiti hakutaka kuitupa chini. Baa za zamani kule watu wanadondosha tishu sakafuni na hakuna anaeshangaa, ila mama wa Tanga aliyelelewa kufagia uwanja alfajiri hawezi kudondosha kitu ndani ya nyumba ya watu. Akafunga kwenye tishu, akaweka mkobani.

Ngamiani kwetu jioni muuza mishkaki hakuulizi umekula mingapi. Anaangalia njiti. Njiti ndo shahidi, ukitaka kumdhulumu itabidi ufiche njiti, na kila mtu anajua kuficha njiti ni wizi. Kuna baa za pintxo nazo zinahesabu njiti hivohivo, lakini hizi za wenyeji hazihangaiki nayo. Chakula kimepangwa juu ya kaunta mita nzima na zaidi, unaonyesha au unachukua, unakula umesimama, watu wamejaa mpaka mlangoni, na mwisho unasema mwenyewe. Neno lako ndo bili.

Sijui niielezeje kwa mtu ambae hajaishi huku. Mi niko Ujerumani mwaka wa 11, navaa ushungi, na kuna duka la vipodozi karibu na ninapofanyia kazi ambapo mlinzi anaanza kutembea nikianza kutembea. Nikisimama kwenye mafuta ya nywele, anasimama. Nimeshazoea, mikono naiweka mahali inapoonekana, risiti nashika mkononi mpaka nje. Mwili umeshajifunza.

Halafu kijana mmoja anatupa mgongo mbele ya kaunta iliyojaa chakula na anaamini nitakachosema.

Na nikamwambia uongo. Bila kukusudia, lakini ndo nilichomwambia.

Nguruwe

Nilikwenda na hofu, sitaficha. Picha zote za intaneti za nchi ya Wabaski ni paja la nguruwe limening'inia, soseji nyekundu za txistorra, vipande vya ham juu ya kila mkate. Mamdogo anakaa Rotterdam miaka 26 na hajawahi kuteleza. Nikawaza ntamlaza njaa mtu mzima mwenye sukari.

Kosa la kwanza tulifanya siku ileile ya kwanza. Niliuliza kama kuna nyama, nikaambiwa hakuna, ikaletwa kroketi, ile donge la kukaangwa lenye uji mweupe ndani, nikaikata kwa uma kabla sijampa mamdogo na nikaona vidoti vya pinki. Ham. Mhudumu wala hakua na nia mbaya, alishangaa kweli, kwa mazoea ya kule ukisema nyama watu wengi wanawaza steki, ham ni kama kiungo tu. Kwahiyo usiulize nyama. Taja vitu kwa majina, sema hutaki jamón, ndo hiyo ham, hutaki nguruwe, hutaki chorizo, soseji yao, na ukitaka uhakika mwambie ni dini, wanaelewa na wanakwenda kuuliza jikoni.

Baada ya hapo ikafunguka, maana hawa watu ni wa bahari. Kwao samaki ndo mwenyewe.

Bakalao wao, mamdogo alipoambiwa kwamba anakaushwa na chumvi halafu analowekwa siku nzima au mbili huku maji yanabadilishwa, akasema basi hii si ng'onda? Ng'onda kabisa. Ila wanachoifanyia sijawahi kuona. Ijumaa mchana jiko lilikua linaonekana, mpishi ana sufuria ya udongo pana, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, pilipili kavu, vipande vya samaki na ngozi yake, na kazi yake yote ni kuitikisa. Anaizungusha taratibu kama mtu anaepepeta mchele, dakika baada ya dakika, mpaka yale mafuta yanaanza kuwa meupe na mazito, kama tui la kwanza. Hakuna unga, hakuna maziwa. Ule utando wa ngozi ya samaki unashikana na mafuta basi. Wanaita pil-pil.

Nilisimama pale mpaka mamdogo akanivuta.

Ngisi kwenye wino wake, mchuzi mweusi ti, mtu wa pwani usiogope. Tortilla ni ndugu wa chipsi mayai, ila nene, viazi vimelainika na katikati mayai bado yanatiririka kidogo, uliza kama haina ham. Kinywaji agiza mosto. Ni maji ya zabibu kabla hayajawa pombe, wanaweka barafu na zeituni au kipande cha chungwa, na wenyeji nao wanakunywa, huonekani mtoto. Ila ukisikia mosto preparado kataa, hiyo wametia kileo.

Bakuli lililorudi

Ijumaa hiyo mchana ndo tulikaa kitako, chakula cha menyu ya siku, bei moja unapata sahani mbili, mkate, kinywaji na kitu kitamu. Ukiwa na siku tatu tu kule, mlo wako mkubwa uwe huu wa mchana wa siku ya kazi, usiku unakula vidogovidogo.

Kwenye ubao kulikua na maharage. Mamdogo aliposikia maharage uso ulibadilika, kashachoka na mikate. Haya ya kwao ni meusi, ya Tolosa, yanapikwa taratibu mpaka mchuzi unakua mzito wa rangi ya chokleti. Kwa kawaida yanakuja na kabichi na soseji ya damu, lakini baa nyingi nyama inaletwa sahani ya pembeni, nikaomba yaje bila hiyo sahani. Dada wa kuhudumia akasema sawa.

Yakaja. Bakuli linafuka moshi, mamdogo kashasema bismillahi, kijiko kiko mkononi, tukamuona yule dada anarudi mbio kutoka jikoni. Akaweka mkono juu ya bakuli. Akatikisa kichwa. Kumbe kaenda kumuuliza mpishi, na mpishi kamwambia leo nyama imechemkia humohumo kwenye sufuria.

Angenyamaza tusingejua.

Ninalirudia hili kwa sababu nimelifikiria sana. Angenyamaza tungekula, tungeshukuru, tungelipa na tungemsifia. Kwake isingekua dhambi hata kidogo. Badala yake kalichukua bakuli, kaleta supu ya liki na viazi, porrusalda, halafu samaki merluza kwenye mchuzi wa kijani wa kitunguu saumu na parsley, na kila akipita anatuangalia kama tunakula.

Saa chache baadae, jioni ileile, ndo mi nikasema gilda moja.

Saa zao

Hapa ntapita haraka lakini kama unasafiri na mgonjwa wa sukari lishike. Chakula cha mchana ni kuanzia kama saa saba na nusu mpaka saa tisa na nusu, baada ya hapo majiko yanazimwa kabisa, na cha usiku hakuna mtu anaekaa mezani kabla ya saa mbili na nusu, saa tatu. Alhamisi tulifika katikati ya jiji saa kumi na moja jioni, mamdogo mikono inamtetemeka, kila mlango tunaambiwa jiko limefungwa. Nikamkalisha kwenye ngazi za kanisa, nikampa juisi ya kwenye begi, nikakimbia nikapata kipande cha tortilla ya baridi kwenye baa ya pembeni. Sijawahi kujilaumu vile.

Tiba yake wanayo wenyewe. Kuna mlo mdogo wa saa tano asubuhi, hamaiketako, limetokana na hamaika, kumi na moja, kwa maana saa tano yetu kwao ni kumi na moja. Ukila kipande cha tortilla na kahawa saa hiyo, mchana saa nane haikuumizi. Kesho yake asubuhi tulifanya hivo sokoni La Ribera, ukingoni mwa mto, jengo kubwa la mwaka 1929 lenye madirisha ya vioo vya rangi, na sukari ya mamdogo ikatulia siku zote zilizobaki.

Ngazi 71

Nilizihesabu usiku wa kwanza, nimebeba begi mbili, mamdogo mbele yangu anashika ukuta.

Nilichagua kulala Casco Viejo, mji wa kale, kwa sababu kila anaeandika anasema kaa hapo, kila kitu kiko mlangoni. Kweli kiko mlangoni. Baa tatu zilikua mlangoni. Vichochoro ni vyembamba na majumba marefu, sauti inapanda juu kama moshi, watu wanaimba mpaka saa nane usiku, na wanaimba vizuri tatizo ni kwamba wanaimba. Majengo mengi pale ni ya zamani, nyumba ya wageni iko ghorofa ya nne na lifti hakuna, na kwenye tangazo sikuuliza kwa sababu niliangalia picha za mashuka.

Mamdogo hakulalamika. Goti lake la kulia lilivimba asubuhi na hakulalamika, na hicho ndo kilichoniuma zaidi. Nikamwambia tuhame. Akasema tumeshalipa.

Sahivi ningelala ng'ambo ya mto, upande wa Abando au Indautxu, barabara pana, lifti zipo, na kwenda mji wa kale ni dakika kumi na tano au zaidi kidogo za mguu au unapanda tramu. Unaenda kwenye kelele ukitaka, na ukichoka unaiacha hukohuko.

Kuna jambo moja la usiku ule. Kwenye baa ya chini, tulipokua tunapumzika kabla ya kupanda, ukutani kulikua na picha ya vijana wawili weusi wamevaa jezi ya milia myekundu na myeupe. Mamdogo akaniuliza hawa watoto wa wapi. Nikamwambia ni Iñaki na Nico Williams, ndugu, wachezaji mpira, wazazi wao walitoka Ghana wakavuka Sahara, sehemu ya njia kwa miguu, na timu yao Athletic ya hapa Bilbao haichezeshi mtu asiyezaliwa au kukulia kisoka kwa Wabaski. 2024 wamechukua Kombe la Mfalme ambalo klabu haikulishika tangu 1984. Mamdogo akaiangalia ile picha muda mrefu. Akasema, mama yao amepanda ngazi nyingi kuliko hizi. Akainuka.

Donostia

Jumamosi asubuhi basi letu lilikua saa tatu. Saa mbili na robo nilikua Plaza Nueva peke yangu na yuro mbili na senti hamsini mkononi, bei ya gilda. Shata imeshuka. Mwanamke anaosha sakafu chini ya matao, nikamuuliza kwa ishara, akanionyesha vidole, wanafungua baadae sana. Nikafikiria kuzisukuma chini ya shata, nikainama kabisa, halafu nikawaza nani atajua ni za nini. Nikasimama nazo mkononi, mvua inanyesha ile ya kwao nyembamba isiyo na sauti, sirimiri. Nikarudi kumbeba mamdogo na mabegi.

Basi ni kama saa moja na robo. Donostia, au San Sebastián, ni mji mzuri kupita kiasi, ghuba ya La Concha imejikunja kama kiganja, na tulilala Gros, ng'ambo ya mto Urumea, chumba kidogo kisafi chenye lifti, ufuo wa Zurriola hatua chache na vijana wanateleza kwenye mawimbi kwenye baridi ile. Tulilala kama watoto. Kama una siku tatu tu na unataka usingizi, lala Gros, mji wa kale unavuka daraja tu.

Huko nilikua na listi. Baa tisa, nimezikusanya kwenye simu kwa wiki mbili, hii uyoga na kiini cha yai, hii shavu la ng'ombe (si halali, nikaifuta), ile kimanda kinatoka mara mbili tu kwa siku unaandikisha jina. Tukaanza saa saba. Baa ya kwanza foleni, ya pili foleni, ya tatu tumebanwa mpaka mamdogo fimbo haina pa kugusa chini, na mi nimeinua simu natafuta ya nne iko kona gani. Mamdogo akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, unakula au unasahihisha mtihani?"

Nikaifunga simu.

Tukaingia baa ambayo haipo kwenye listi yoyote, mzee akamletea mamdogo kiti bila kuombwa, tukakaa pale saa nzima na nusu. Antxoa wa siki, tortilla, tomati na mafuta, mosto. Wenyeji wenyewe wanazunguka, kitu kimoja baa moja halafu unahama, na kuhama kule ndo starehe yao, unakutana na watu njiani. Ila goti halihami. Na hakuna aliyetuangalia vibaya kwa kukaa.

Keki ya jibini ya La Viña tuliila, barabara ya 31 de Agosto, juu imeungua nyeusi na ndani inatetemeka. Kipande kimoja uma mbili, yeye alionja mara mbili tatu basi, kwa ajili ya sukari. Barabara yenyewe imepewa jina la siku mji ulipochomwa moto mwaka 1813, Waingereza na Wareno walipowatoa Wafaransa, na nyumba chache zilizobaki zilikua za mtaa huu. Nilimsomea mamdogo kibao. Hakusema kitu, aliligusa jiwe la ukuta.

Jumapili tukapanda basi la moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Bilbao. Halipiti mjini. Nililijua hilo wakati nakata tiketi.

Deni

Kuna siku nasema ni yuro mbili na nusu, yule kijana haijui na hatoijua. Kuna siku nasema pengine aliiona, watu wa kaunta wanaona kila kitu, akaamua kuiacha. Hiyo ndo inaninyima raha zaidi. Na kuna siku nawaza labda alikua kachoka tu, kuuliza ni kazi yake, mi ndo nimeipa uzito kwa sababu ya mlinzi wa dukani kwetu. Inawezekana. Lakini siku ile niliposhika njia kurudi kwenye lile duka, mikono mbele, risiti mkononi, nilijikuta najiuliza, huyu mlinzi akijua habari ya gilda atasema nini? Atasema si nilijua.

Nikampigia mamdogo. Nikamwambia nataka niitoe sadaka, mara kumi yake, msikitini, iishe.

"Sadaka ya nini na mwenyewe yupo?" akasema. "Mtaa unaujua. Mlango unaujua. Hajafa, hajahama."

Sikuwa na jibu.

Nimekata tiketi mwezi wa tatu, usiku mbili, Abando, ghorofa ya kwanza na lifti. Mamdogo anakuja, goti kadungwa sindano anasema linakunjika. Bahasha iko juu ya friji, ndani kuna ile njiti kwenye tishu yake, sarafu, na karatasi ambayo mwenzangu wa kazini anaejua Kihispania ameniandikia, nimeshaisoma mpaka naijua kwa kichwa. Imeandikwa: mwezi wa 11, Ijumaa jioni, wanawake wawili, mmoja mzee ana fimbo. Gilda zilikua mbili.